Kabla ya mitambo ya upepo pwani, tuulizwe na tuuziwe hisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie hoja ya msomaji mwenzangu, aliyeandika hivi karibuni kwamba upepo unaovuma Coco Beach, ufukwe wa Oysterbay, peke yake ungetosha kuwasha taa za Dar es Salaam nzima, na kwamba tunachokosa ni nia tu. Simlaumu kwa shauku yake. Mimi ni mkazi wa Mjimwema, Kigamboni, na ninajua upepo wa kusi ukishika kasi mwezi wa Juni jinsi mabati ya jiko la nje yanavyopiga kelele usiku kucha. Ninatofautiana naye katika mahali pa kuanzia. Yeye ameanza na mashine, na mimi, baada ya kuitembelea mitambo ya aina hiyo iliyojengwa baharini, naona tungeanza na daftari la wenye hisa na kikao cha wavuvi.

Nikiri mapema kwamba mimi si mhandisi. Nilikuwa mhasibu kwa miaka mingi, na hadi nilipostaafu nilikuwa pia mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa, kazi iliyoniachia tabia ya kuuliza kitu ni cha nani kabla ya kuuliza kinafanyaje kazi. Mwaka jana, mwezi wa Juni, nilikwenda Denmark kumtembelea mwanangu anayesoma Copenhagen, naye kwa kujua kwamba baba yake hawezi kukaa ndani akatazama ukuta, alinipeleka kuona mitambo ya upepo ambayo watu wa jiji lile wanaiona kutoka ufukweni, kama sisi tunavyokiona kisiwa cha Bongoyo tukiwa Msasani.

Mahali penyewe panaitwa Middelgrunden, jina ambalo kwa lugha ya wavuvi wetu lingekuwa Fungu la Kati, kwa kuwa ni fungu kweli, yaani mwinuko chini ya bahari, la aina ya Fungu Yasini letu, lenye maji ya kina cha mita 3 hadi 5 tu. Juu ya fungu hilo, umbali wa kilomita tatu na nusu hivi kutoka bandarini, imesimama mitambo 20 katika mstari mmoja uliopinda kama upinde. Kila mtambo una uwezo wa megawati 2, na yote ilianza kufua umeme mwishoni mwa mwaka 2000. Nguzo ina kimo cha mita 64 mpaka kwenye kitovu, pale mapanga yanapokutana, na panga likielekea juu ncha yake hufika mita 102, yaani karibu sawa na uwanja wa mpira uliosimamishwa wima.

Tulipanda boti pamoja na watu wapatao thelathini, wengi wao wazee wa rika langu waliovaa makoti ya mvua ingawa jua lilikuwa linawaka. Kutoka ufukweni mitambo ile huonekana ikizunguka kivivu, mithili ya pangaboi la ofisini ambalo swichi yake imekwama namba moja. Ukifika chini yake ndipo unapogundua kwamba macho yalikudanganya, kwa sababu upepo ukiwa mzuri ncha ya panga hupita kwa mwendo unaozidi kilomita 200 kwa saa, na mvumo wake ni kama wa mtu anayepepeta mchele kwenye ungo mkubwa kupita kiasi. Kivuli cha panga kilikatiza juu ya boti, kikapanda magotini petu, kikaingia majini, na kabla sijahesabu mbili kikaja kingine. Kwenye kitako cha zege kuna mlango wa chuma uliopakwa rangi juu ya rangi, na bawaba zake zimeota kutu ya chumvi ileile inayokula madirisha yetu Kigamboni. Ndani mna makabati ya umeme, harufu ya grisi, na ngazi inayopotelea gizani. Nilipanda vipago kumi nikashuka. Mwanangu alinieleza kwamba pangaboi hula umeme likatoa upepo, na mashine hii hula upepo ikatoa umeme, na nilimwambia hayo ndiyo maelezo ya kihandisi ya kwanza niliyowahi kuyaelewa bila kurudiwa.

Lakini kilichonifanya nikuandikie barua hii si mashine. Karibu nami aliketi mzee aliyekuwa dereva wa basi, na chupa yake ya chai mapajani, akaninyooshea kidole mtambo mmoja na kuniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba yeye ana hisa tano. Hakulisema kwa majivuno. Alilisema kama mtu wa Mbagala anavyosema ana vyumba viwili vya kupangisha. Kisha akaanza kulalamika. Gawio la mwaka ule lilikuwa dogo kwa sababu bei ya umeme sokoni ilikuwa imeshuka, na katika mkutano mkuu aliuliza swali ambalo jibu lake halikumridhisha. Mhariri, mimi nimeketi katika mikutano mikuu mingi, na nilitambua mara moja kwamba huyu ni mwenye mali. Mtu asiye na chake hulalamikia kukatika kwa umeme. Mwenye hisa hulalamikia hesabu.

Niliporudi kwa mwanangu nilisoma habari za umiliki wa mitambo ile mpaka usiku wa manane. Wakati wa ujenzi mitambo kumi ilikuwa ya kampuni ya umeme ya jiji, na kumi ilikuwa ya ushirika wa wananchi ulioundwa mwaka 1997, wenye hisa 40,500 zilizonunuliwa na watu zaidi ya 8,500. Hisa moja iliuzwa kroner 4,250, ambazo kwa viwango vya sasa ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu, na ilikadiriwa kuwakilisha umeme wa uniti 1,000 kwa mwaka. Msomaji anayenunua luku apige hesabu mwenyewe. Mteja wetu mdogo wa majumbani, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hatumii zaidi ya uniti 900 kwa mwaka, kwa hiyo hisa moja tu ingeufunika mwaka wake wote na chenji ikabaki. Kipengele kilichonifurahisha zaidi, na hapa naomba nisamehewe kwa ugonjwa wa kazi yangu, ni kile cha katiba ya ushirika kinachoukataza kuingia deni. Wanachama walinunua hisa kwa fedha taslimu, mitambo ikalipiwa, na hakuna uongozi unaoweza kuamka siku moja ukaweka dhamana mali ya wazee wa watu.

Jambo la pili nililojifunza ni kwamba umbo lile zuri la upinde halikutoka kwa wahandisi peke yao. Mpango wa awali ulikuwa wa mitambo 27 katika safu tatu. Ulipopelekwa kwa wananchi, wengi waliona safu tatu zingeharibu sura ya jiji kutoka baharini, na mpango ukapunguzwa hadi mitambo 20 katika mstari mmoja unaofuata mzingo wa ngome za kale za jiji. Wengine walikumbusha kwamba fungu lile lilitumika kwa muda mrefu kumwaga tope lililozolewa bandarini, wakahofia kwamba kuchimba misingi kungetibua sumu iliyotulia, na vipimo vikafanywa kwanza. Mabishano yalikula muda, lakini yalipiganwa kwa kalamu na karatasi, si kwa mawe na mabomu ya machozi.

Ninasema hivyo kwa sababu jirani zetu wameonja upande wa pili. Kule Kinangop, Kenya, mradi wa upepo wa megawati 60 uliachwa mwaka 2016 baada ya wakazi kuupinga kwa nguvu, na fedha zilizokwisha kutumika zikawa zimekwenda na maji. Mradi mkubwa wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikamilika mwaka 2017, lakini mapanga yake yalikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kupeleka umeme kwenye gridi kwa kuwa njia ya kuusafirisha haikuwa tayari. Na mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Mradi ule unafua umeme mwingi na Kenya inafaidika nao, hilo sikatai. Ninachosema ni kwamba upepo haukuwa na tatizo lolote pale. Matatizo yote yalikuwa ya makaratasi, ya waya na ya watu.

Sasa nirudi Coco Beach. Upepo unaomwondolea mtu kofia ufukweni si kipimo. Nguvu iliyomo ndani ya upepo haiongezeki sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nane, na kwa hesabu hiyohiyo mwendo ukipungua kidogo mapato hupungua sana. Ndiyo maana mahali panapotajwa miaka nenda miaka rudi kwa umeme wa upepo nchini kwetu ni Singida na Makambako, bara kabisa, kwenye miinuko, na ndiyo maana mitambo ya Mwenga kule Mufindi, ambayo ni mitatu tu na ina jumla ya megawati 2.4, ilijengwa huko mwaka 2020 na haikujengwa Oysterbay. Denmark iko katika latitudo ambazo pepo zake ni kali karibu mwaka mzima. Sisi tuko karibu na ikweta, tunaishi kwa kusi na kaskazi, na kati yake tuna maleleji, ambapo hata ngalawa hulazimika kupigwa kasia.

Simaanishi kwamba pwani haifai. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba, wakati masika yamekwisha na mito inapungua, na nchi ambayo sasa inategemea sana maji ya Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, ingenufaika na chanzo kinachopata nguvu wakati mito imeanza kuchoka. Lakini hilo ni la kupimwa, kwa vyombo vilivyofungwa juu ya nguzo kwenye kimo cha kitovu cha mtambo, kwa mwaka mmoja usiopungua, ili kusi, kaskazi na maleleji yote yaingie kwenye hesabu.

Niliporudi nyumbani nilichukua simu yenye picha nikaenda ufukweni kuzungumza na nahodha mmoja ninayemheshimu, mtu aliyevua maji ya Kimbiji na Kunduchi tangu akiwa kijana, na ambaye huniita mzee mwenzangu ingawa amenizidi umri. Alizitazama picha kwa makini, akazirudia, akaniuliza swali ambalo wala mimi wala mwanangu hatukuliuliza tulipokuwa kule.

"Umeme wenyewe unafikaje pwani?"

Nikamweleza kwamba kuna kebo inayolala chini ya bahari mpaka kwenye kituo cha umeme cha Amager.

"Basi hapo ndipo penye neno, mzee mwenzangu," akasema. "Nguzo naiona, nitaizunguka. Kebo siioni. Nikitupa nanga usiku, dema langu likikwama, nyavu zikinasa, nani atalipa, mimi au wao? Na wakisema eneo lote ni marufuku, wametupa fungu gani badala ya hili?"

Akaongeza, akicheka, kwamba misingi ile ya zege itakuwa kama mwamba, samaki watajificha humo, na hapo ndipo kila mvuvi atataka kuvua na kila mlinzi atataka kumfukuza. Nilikosa jibu. Maswali yake yana thamani kubwa kuliko barua yangu hii yote, na hayawezi kujibiwa na mtaalamu aliyekaa Posta akitazama ramani. Anayejua mahali madema yanapotegwa, wapi mashua hupita wakati wa bamvua na wapi hazipiti maji yakiwa mafu, ni nahodha, na ramani yake imo kichwani. Ikiwa siku moja mradi wa aina hii utaletwa kwenye pwani yetu, kikao cha kwanza kifanyike chini ya mwembe wa wavuvi, kabla mchoro haujachorwa. Kikifanyika baada ya mchoro kitakuwa kikao cha kutoa taarifa, na sote tunazijua taarifa za namna hiyo, za kusainishana mahudhurio na kugawiwa soda.

Kuhusu hisa, nitaambiwa kwamba Mtanzania hana fedha za kununua mtambo wa upepo. Jibu langu ni Tanga. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, ili kupanua huduma ya maji, na fedha zilizopatikana zilizidi lengo. Kwa hiyo soko lipo, njia ipo, na wanunuzi wapo. Hata hivyo hatifungani si hisa. Mwenye hatifungani ni mkopeshaji, hurudishiwa fedha yake na riba akaondoka, na hana sauti katika mkutano mkuu wala sababu ya kwenda na chupa ya chai kutazama mali yake ikizunguka. Ningependa sehemu ya mradi wowote wa upepo wa pwani, hata kama ni robo tu, itengwe kwa hisa za bei ndogo, na wakazi wa kata zinazoutazama mradi huo wapewe nafasi ya kwanza ya kununua kabla ya watu wa mbali wenye mifuko mipana.

Najua neno ushirika linawatia wengine baridi. Watu wa umri wangu tunakumbuka vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kati ya hapo na baadaye mkulima aliona mengi. Katika chama chetu wenyewe, ambacho sitakitaja, niliwahi kukuta daftari la mikopo lenye kurasa mbili zilizochanwa kwa ustadi wa hali ya juu. Ndiyo maana nakitaja tena kile kipengele cha kutokopa, na naongeza kingine ambacho mhasibu yeyote angekidai: fedha za kubomoa mitambo ziwekwe akiba tangu siku ya kwanza. Shamba la kwanza la mitambo ya upepo kujengwa baharini duniani, lile la mitambo 11 la Vindeby, hukohuko Denmark, lilijengwa mwaka 1991 na kubomolewa mwaka 2017. Chuma kina umri wake. Asiyeandika gharama ya kuvunja kwenye vitabu vyake leo amewaandikia wajukuu deni, na bahari yetu ina mabaki ya meli ya kutosha.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Mmoja wa waandishi wako atumwe kwenye mamlaka zinazohusika na nishati akaulize vipimo vya upepo wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, mwananchi anaweza kuvisoma wapi, vilichukuliwa kwa kimo gani na kwa miezi mingapi, kisha mvichapishe kama mnavyochapisha bei za mazao. Msomaji mwenzangu wa Coco Beach naye namkaribisha Mjimwema mwezi wa Aprili, wakati wa maleleji, tukae chini ya mkungu pamoja na nahodha, tutazame bendera ya ngalawa inavyoning'inia.

Jina na anwani yangu unavyo.

Mhasibu mstaafu,
Mjimwema, Kigamboni,
Dar es Salaam